Kitalu cha Samaki kwenye Mawe ya Himbi

Yeyote ateremkaye asubuhi kuteka maji ziwani hapa Himbi anayajua yale mawe meusi ya volkano, na utando wa kijani unaoteleza miguuni. Wengi huuona kuwa uchafu tu. Leo twapenda kuonyesha kwamba utando huo ni shamba, tena lalisha nyumba nyingi.

Katika bahari ya maji baridi, kama ile ya Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika, huota mwani mkubwa uitwao kelpi. Hushika mwamba kwa nguvu, hupanda zaidi ya mita 10, ukawa kama msitu. Samaki wachanga hujificha humo, nao konokono hupata chakula. Msitu huo ukitoweka, wakazi wake hukosa makao.

Ziwa Kivu halina kelpi, kwa kuwa maji yake si ya bahari. Lakini kazi iliyo karibu na hiyo hufanywa na utando wa mawe pamoja na matete. Kina cha ziwa letu chafika mita 485, walakini chini ya mita 70 hivi hakuna hewa iwafaayo samaki. Basi maisha yao yote ni juu na kandokando. Samaki wadogo wa miambani hula utando na vidudu vilivyomo. Mama hubeba mayai kinywani, na watoto wakitoka hukimbilia nyufa za mawe. Hata sambaza, waliotolewa Ziwa Tanganyika na kutiwa humu mwaka 1959, ambao wakikomaa huvuliwa usiku kwa taa mbali na ukingo, utoto wao huupitisha karibu na nchi kavu.

Hapo ndipo penye hatari. Avutaye chandarua cha mbu kando ya mawe hupata sahani ya vidagaa kwa chakula cha jioni. Hatumdharau, maana njaa haina subira. Lakini mkulima alaye mbegu atapanda nini msimu ujao? Vivyo hivyo akataye matete yote, na atupaye taka ukingoni.

Ninyi wanafunzi, siku moja kaeni kimya juu ya jiwe, mtazame majini. Mtawaona wale wadogo wakitokea nyufani mmoja mmoja. Kisha waelezeni wazazi nyumbani mliyoyaona.