Hijabu ya binti yetu na nywele za mtoto wa jirani

Kila shule zinapokaribia kufunguliwa, wazazi wa Kiislamu hujikuta katika pilikapilika zile zile. Sketi ndefu ipatikane katika rangi iliyoagizwa, shati liwe la mikono mirefu, na hijabu ziwe mbili ili moja ikifuliwa nyingine ivaliwe. Fundi cherehani hukumbushwa mara tatu kwamba sketi ifike kwenye kifundo cha mguu. Na baada ya maandalizi yote hayo, bado mama humsindikiza binti yake siku ya kwanza akiwa na wasiwasi moyoni: je, mwalimu wa zamu atampokea langoni, au atamrudisha nyumbani?

Wasiwasi huo tunaujua. Tunaujua pia uchungu wa mtoto anayesimamishwa kando mbele ya wenzake, akatakiwa achague baina ya stara yake na somo la hesabu. Lakini liko swali ambalo hatujiulizi mara kwa mara. Siku hiyo hiyo, katika lango lile lile, anaposimamishwa mtoto wa jirani asiye Mwislamu kwa ajili ya nywele zake au kwa kitu alichokivaa kwa imani yake, sisi husimama upande gani?

Makala haya yanakusudia kuonesha kwamba maswali hayo mawili yana jibu moja. Ushahidi umo katika mashauri yaliyoamuliwa na mahakama za bara letu wenyewe.

Kipini kilichofungua mlango

Mwaka 2004, binti mmoja wa asili ya Kihindi, wa jamii ya Watamil, alirejea katika shule ya Durban Girls' High School, Afrika Kusini, akiwa na kipini kidogo cha dhahabu puani. Kanuni za shule zilikataza mapambo ya namna hiyo. Mama yake alieleza kwamba kipini kile hakikuwa urembo wa kufuata mkumbo, bali ni mila ya familia na ya dini yao ya Kihindu, ambayo binti huvishwa anapobaleghe. Shule ilikataa kumpa ruhusa.

Shauri lilipanda ngazi za mahakama hadi Mahakama ya Katiba, na tarehe 5 Oktoba 2007 hukumu ikasomwa na Jaji Mkuu Pius Langa. Mahakama iliona kwamba binti yule alibaguliwa isivyo haki, na ikaitaka shule irekebishe kanuni zake ili ziwe na utaratibu wa kutoa ruhusa maalumu kwa sababu za dini na utamaduni. Shule ilikuwa na hofu kwamba akiruhusiwa mmoja, kesho watakuja wengine na dredi na mapambo ya kila namna. Mahakama haikuyumbishwa na hofu hiyo. Iliona kwamba kama wapo wanafunzi waliokuwa wakificha dini au utamaduni wao kwa kuogopa, kujitokeza kwao ni jambo la kufurahia.

Huenda msomaji akauliza: kipini cha binti wa Kihindu kinatuhusu nini sisi?

Kinatuhusu sana. Mwezi Juni 2014 katika mji wa Isiolo, kaskazini mwa Kenya, Naibu Gavana wa kaunti aliomba wasichana wa Kiislamu wa shule ya sekondari ya St. Paul's Kiwanjani waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare yao. Kanisa la Methodisti, ambalo ni mfadhili wa shule hiyo, lilipinga na kwenda mahakamani. Mwezi Machi 2015 Mahakama Kuu ililipa kanisa ushindi. Mzazi mmoja, Mohamed Fugicha, akakata rufaa. Tarehe 7 Septemba 2016 majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa waligeuza uamuzi ule na kusema kwamba kanuni ya sare, ingawa ilionekana ni ya wote, iliwabagua wasichana wa Kiislamu. Katika kujenga hoja zao, miongoni mwa hukumu walizozitegemea ni ile ya Durban. Kwa maneno mengine, hijabu ya binti wa Isiolo ilitetewa kwa hoja zilizopatikana kupitia kipini cha binti wa Kihindu.

Shauri halikuishia hapo. Mwezi Januari 2019, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitengua hukumu ya Mahakama ya Rufaa. Sababu kuu ilikuwa ya utaratibu: ombi la kuruhusiwa hijabu halikuwa limewasilishwa ipasavyo katika mahakama ya kwanza. Jaji mmoja, Jackton Ojwang, alitofautiana na wenzake. Mlango uliachwa wazi kwa anayetaka kufungua shauri jipya. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki walisikitika.

Miezi michache baadaye ikasikika hukumu nyingine. Binti wa familia ya Marastafari alikuwa amerudishwa nyumbani na shule ya sekondari jijini Nairobi kwa sababu ya nywele zake za dredi, ijapokuwa alizifunika kwa kilemba. Tarehe 13 Septemba 2019, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Urastafari ni imani inayolindwa na Katiba, na kwamba binti huyo hawezi kulazimishwa kunyoa ndipo asome. Mwezi Mei 2024 Mahakama Kuu ya Malawi nayo ikaamua kwamba watoto wa Kirastafari wasizuiwe kuingia shule za serikali kwa sababu ya dredi zao.

Ni wangapi kati yetu waliozipokea habari hizo kwa furaha ileile ambayo tungeipokea hukumu ya hijabu?

Kanuni moja, uzito tofauti

Hoja inayotolewa dhidi ya binti wa hijabu na dhidi ya mtoto wa dredi ni moja: kanuni ni ya wote, hakuna anayeonewa. Hoja hiyo ina sura ya uadilifu, lakini tuitazame kwa makini. Kanuni isemayo "hakuna kufunika kichwa" haimgharimu chochote mwanafunzi ambaye dini yake haimtaki afunike kichwa. Kwa binti wa Kiislamu gharama yake ni kuvunja amri ya Mola wake. Kadhalika kanuni isemayo "nywele zote zinyolewe" ni jambo la dakika tano kwa kinyozi kwa mtoto mmoja, na kwa mwingine ni kuvunja nadhiri ya familia yake. Maneno ya kanuni ni yale yale, lakini mzigo haulingani.

Sisi Waislamu tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Saumu ya Ramadhani imefaradhishwa kwa waumini wote, hata hivyo Sharia imempa rukhsa mgonjwa na msafiri. Hakuna aliyewahi kudai kwamba Ramadhani imevunjika kwa sababu msafiri amekula njiani. Rukhsa haiibomoi amri, huifanya ibebeke. Basi na shule inayomruhusu mwanafunzi mmoja afunike kichwa kwa kitambaa cha rangi ya sare haijapoteza sare yake.

Katiba ya Kenya imelitaja jambo hili waziwazi. Ibara ya 27, inapoorodhesha misingi ambayo mtu asibaguliwe kwayo, pamoja na rangi, dini na utamaduni, imetaja pia mavazi.

Upo pia ubaguzi unaogusa maumbile yenyewe. Mwezi Agosti 2016 wanafunzi Weusi wa Pretoria High School for Girls, shule ambayo enzi za ubaguzi wa rangi ilikuwa ya Wazungu, waliandamana wakilalamika kwamba kanuni za nywele zilitumika kuwadhalilisha kwa nywele walizozaliwa nazo. Kiongozi wa elimu wa jimbo la Gauteng, Panyaza Lesufi, alifika shuleni hapo, na kanuni ya nywele ikasimamishwa. Kanuni inayouita mchafu unywele wa Mwafrika kwa sababu tu haulali kama wa Mzungu haifundishi usafi. Wapokezi wa Hadithi wametusimulia jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomkemea Abu Dharr, sahaba mkubwa, alipomtusi mtu kwa asili ya mama yake, akamjulisha kwamba bado anayo masalia ya ujahiliya. Ikiwa sahaba aliambiwa hivyo, mwalimu na mzazi wa leo nao wajichunguze.

Si kila matamanio ni imani

Haya yote hayana maana kwamba shule isiwe na kanuni. Sare ina hekima yake. Humsitiri mtoto wa maskini asionekane maskini darasani. Na si kila anachokitaka kijana kichwani mwake ni dini. Kijana anayenyoa kiduku kwa kumwiga mchezaji mpira hana hoja sawa na ya binti wa hijabu. Kwa kijana wa Kiislamu ndiyo hana hoja kabisa, kwani Mtume (S.A.W.) amekataza kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu nyingine. Mzazi anayempigania mwanawe wa kiduku kwa jina la uhuru humvunjia heshima yule anayedai haki ya kweli.

Kwa hiyo shule ina haki ya kuuliza: je, hili ni la imani, ni la maumbile, au ni la kufuata mkumbo? Dhulma huanza pale ambapo shule haiulizi, au inauliza na haisikilizi jibu.

Na shule zetu je?

Hapa ndipo mizani inapotugeukia. Shule nyingi za Kiislamu hupokea wanafunzi wasio Waislamu, na wazazi wao huwaleta kwa kuvutiwa na malezi na ufaulu. Je, binti wa Kikristo katika shule yetu hulazimishwa hijabu? Mzazi wake alielezwa jambo hilo kabla ya kulipa ada, au aliliona siku ya kuripoti? Likitukera binti yetu kuvuliwa hijabu katika shule ya kanisa, basi na litukere binti wa wenzetu kuvishwa asichokiamini katika shule yetu. Qur'an, katika Suratul Maida aya ya 8, imetuamrisha tuwe waadilifu hata kwa watu tunaowachukia. Jirani wala si adui. Ana haki zaidi ya uadilifu huo.

La kufanya nyumbani

Mashauri tuliyoyataja yanatufunza pia jambo la masikitiko: mahakama huchelewa. Binti wa Durban alikuwa ameshamaliza shule hukumu ilipotoka. Shauri la Isiolo lilichukua muda unaomtosha msichana kuingia kidato cha kwanza na kumaliza cha nne. Mmoja wa watoto wa Malawi alikataliwa shule mwaka 2010, na hukumu ikaja miaka 14 baadaye.

Basi mzazi asingoje mgogoro. Asome kanuni za shule kabla ya kumwandikisha mtoto. Aende kwa mkuu wa shule mapema na kwa adabu, akiwa na pendekezo mkononi: hijabu iwe na urefu gani na ya rangi ipi ili iende na sare. Atakachoahidiwa akiombe kwa maandishi. Akikataliwa, aiandikie bodi ya shule, naye awe na nakala. Wakati wote huo mtoto aendelee kusoma, wala asigeuzwe bendera ya ugomvi wa wakubwa. Na azungumze na binti yake nyumbani, ajue kwa nini anavaa, kwani binti asiyejua sababu ya hijabu yake huivua mwenyewe bila kulazimishwa na mtu.

Tena, katika kikao cha wazazi, siku atakaposimama mzazi wa dini nyingine kumwombea mwanawe jambo la imani yake, tusikae kimya. Tumwunge mkono. Siku ya hijabu tutakapomhitaji yeye, na asione kwamba tunaijua haki pale tu inapokuwa yetu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu katika stara na elimu, na atujaalie tuwe wenye kusimamisha uadilifu popote tulipo. Amin.