Kitenzi cha kale hakifi chote

Msomaji wa Nyantende, jirani na Bukavu, ana sababu mpya ya kujifunza Kiingereza: tangu 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiingereza ni lugha rasmi ya Jumuiya hiyo. Akishavuka vitabu vya darasani akamfikia Shakespeare, au shairi la kunguru la Edgar Allan Poe la mwaka 1845, atakutana na kitenzi quoth. Maana yake ni "alisema". Hakina wakati uliopo wala ujao, na hutangulia mtendaji wake: quoth he. Kwa sura kinafanana na quote, yaani kunukuu, lakini havina undugu. Quote ina asili ya Kilatini, quoth ni Kiingereza cha tangu jadi.

Kamusi hukiita kitenzi cha kale. Naona maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu mzizi wake ungali hai ndani ya bequeath, neno la wosia: kumwachia mtu mali kwa tamko. Kiswahili kina kisa kama hicho hicho. Kuamba kulikuwa kusema, na Mombasa bado mtu huulizwa "Waambaje?" Kwingineko kwingi kitenzi hicho hakisimami tena peke yake, ila kimeacha uzao mkubwa: kuambia, kuambiwa, kuambiana, kisha kwamba, kisha ambaye na wenzake wote. Ondoa mzizi huo, na hata habari fupi ya redio haisomeki.

Mtu wa Bukavu anaweza kupinga: hayo ni ya pwani na ya vitabu. Kwetu husemwa "najua kama atakuja", si "kwamba". Husemwa "mutu mwenye alikuja", si "ambaye". Ni kweli, wala si kosa. Ndivyo Kiswahili cha huko kilivyojijenga. Lakini mtu huyo huyo husema "alinambia" kutwa nzima, na hapo kusema hakuwezi kushika nafasi ya kuamba, maana kumsemea mtu ni jambo jingine kabisa. Mwingine atauliza mwanafunzi anafaidika nini kwa kujua asili hizi. Anafaidika kumbukumbu: quoth ikifundishwa pamoja na bequeath, na kuambia pamoja na kuamba, neno geni linapata ndugu wa kulishikilia, badala ya kukaririwa peke yake na kusahauliwa baada ya mtihani. Tena anaanza kuyaona mabadiliko yanayoendelea mdomoni mwake. Katika "njo kusema", ambayo Kongo ya mashariki huitumia kwa maana ya "yaani", kusema hakutaji tena kinywa cha mtu yeyote. Kunaunganisha sentensi tu, kama kuamba kulivyofanya kulipogeuka kwamba.