Meli haimngoji mtu

Wakati wa konji, jamaa nyingi za Ulaya zinatembea na meli kubwa kwenye bahari ya Mediterania. Kwa kuona Roma, wanashukia Civitavecchia. Lakini toka bandari hiyo mpaka Roma ni karibu kilometa 80 za barabara.

Mule ndani ya meli wanauzisha matembezi kwa hesabu ya kila mtu. Baba, mama na watoto wane: ni tike sita! Njo maana wengine wanajitafutia shofere wa inje: beyi yake ni ya motokari nzima, na mtoto akichoka munapumzika.

Lakini muangalie. Kundi la meli likichelewa, meli inalingoja. Wewe uliyejipangia, haikungoji. Ikiondoka, utajilipia njia mpaka bandari inayofuata, wewe, bibi na watoto.

Basi mbele ya kulipa, uulize shofere: meli isipofika, feza itarudi? Saa yako ifuate saa ya meli. Urudi masaa mawili mbele. Mfanyakazi wa mgodi anajua: bisi ya kazi ikipita, imepita.