Seli zinazolea neva ndani ya wengu na tezi: Zinatambuliwaje?

MTU anapougua koo au anapodungwa na mwiba mguuni, aghalabu huhisi uvimbe mdogo chini ya taya au kwenye kinena. Uvimbe huo, ambao wengi huuita mtoki, ni tezi ya limfu iliyojaa askari wa mwili wanaojiandaa kukabiliana na vijidudu.

Kwa muda mrefu tezi hizo, pamoja na wengu, zilichukuliwa kuwa kambi za askari hao pekee. Lakini mapema katika miaka ya 1980, mtaalamu wa neva David Felten na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba nyuzi za neva, yaani mishipa ya fahamu, huingia ndani ya viungo hivyo na kuishia karibu mno na seli za kinga zenyewe. Awali ilidhaniwa kwamba kazi ya nyuzi hizo ilikuwa kubana na kulegeza mishipa ya damu tu.

Ugunduzi huo ulizua swali jingine. Neva haiishi peke yake. Huhitaji seli za kuilea, kuilisha na kuikarabati inapoumia. Je, seli hizo walezi ziko wapi ndani ya tezi, na mtafiti atazijuaje katikati ya mamilioni ya seli za kinga? Swali hili lina uzito kwa mgonjwa wa baridi yabisi na, kama tutakavyoona, kwa mgonjwa wa ukoma pia.

Nje ya ubongo na uti wa mgongo, walezi wakuu wa neva huitwa seli za Schwann, kwa jina la Mjerumani Theodor Schwann, ambaye mwaka 1839 alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba miili ya wanyama imejengwa kwa seli. Zipo za aina mbili. Aina ya kwanza huuzingira uzi mmoja wa neva kwa tabaka nyingi za mafuta, na ni rahisi kuonekana. Aina ya pili haina mafuta hayo. Seli moja hukumbatia nyuzi nyembamba kadhaa kwa pamoja, mithili ya mtu aliyebeba kuni kwapani.

Nyuzi nyingi zinazoingia katika wengu na tezi za limfu ni hizo nyembamba, kwa hivyo walezi wake ni wa aina ya pili. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Seli hizi ni nyembamba, zina mikono mirefu, na zimejificha ndani ya viungo ambavyo vimejengwa kwa wavu wa seli nyingine zenye mikono mirefu vilevile. Kwa hadubini ya kawaida ni vigumu mno kuzitenga.

Kwa sababu hiyo watafiti hutumia alama. Kipande cha kiungo hukatwa kiwe chembamba sana, kisha hunyunyiziwa kingamwili zilizotengenezwa ili zishikamane na protini moja tu. Kingamwili hizo huambatanishwa na rangi. Protini ikiwepo, seli hung'aa au hugeuka kahawia.

Alama iliyozoeleka zaidi ni protini iitwayo S100. Iligunduliwa mwaka 1965 na Blake Moore katika ubongo wa ng'ombe, na jina lake lilitokana na tabia yake ya kuyeyuka katika mmumunyo wa amonia salfeti uliokolea kwa asilimia 100. Seli za Schwann zina S100 kwa wingi. Katika ngozi au msuli, alama hii hutosha mara nyingi kumwonyesha daktari mahali neva inapopita.

Katika viungo vya kinga, hata hivyo, alama hiyo hiyo hupotosha. Humo mna seli zenye matawi ambazo kazi yake ni kunasa vipande vya vijidudu na kuwaonyesha askari wengine adui alivyo. Nyingi kati ya seli hizo nazo zina S100. Ni kama kumtafuta mwanafunzi wa shule fulani kwa sweta yake ya samawati sokoni siku ya kufunga shule, ilhali nusu ya shule za mji huo huvaa samawati. Protini nyingine, p75, inayotumiwa sana na wataalamu wa neva, ina kasoro ya namna hiyo: hupatikana pia kwenye seli zinazoshikilia vijidudu katikati ya vituo vya kuzalisha kingamwili.

Alama ya tatu ni GFAP, inayofahamika zaidi kama alama ya seli walezi wa ubongo. Seli za Schwann zisizo na mafuta nazo huwa nayo. Mwaka 2017 na 2018 watafiti waliitumia kuchunguza tezi za limfu za tumboni na wengu wa panya. Walikuta mtandao mkubwa wa seli hizi ukiandamana na neva, huku mikono yake ikiwa karibu mno na seli za kinga za aina mbalimbali. Hata hivyo, GFAP nayo si ya neva pekee, kwani imewahi kuonekana katika seli fulani za ini.

Wengi sasa huongeza alama ya Sox10. Hii haikai kwenye mwili wa seli bali ndani ya kiini chake, na ni protini inayoongoza jeni katika seli zenye asili moja na neva. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi pia zinayo, lakini kwa kawaida hazikai katika wengu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ripoti yoyote inayodai kumpata mlezi wa neva ndani ya tezi kwa alama moja tu yafaa isomwe kwa tahadhari. Ushahidi wa kuridhisha ni pale kiini kinapokuwa na Sox10, mwili wa seli una alama ya pili, na seli yenyewe imelala juu ya uzi wa neva uliotiwa rangi yake tofauti.

Utambuzi huo una faida gani? Mwaka 2011, wanasayansi wa Japani walieleza kwamba seli za namna hii katika uboho wa panya husaidia seli mama za damu zisiamke ovyo. Neva zilipokatwa, seli mama zilipungua upesi. Aidha, tangu mwaka 2000, Kevin Tracey na wenzake nchini Marekani wameonyesha kwamba kusisimua neva kuu ishukayo kutoka kichwani hadi tumboni hupunguza uvimbe mwilini, na wengu una sehemu kubwa katika kazi hiyo. Mwaka 2025, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kifaa kinachopandikizwa shingoni ili kuisisimua neva hiyo kwa watu wazima wenye baridi yabisi ambao dawa hazijawafaa. Ujumbe huo hupitia, katika hatua ya mwisho, kwenye nyuzi zilizokumbatiwa na walezi hao.

Kwa Wakenya, mfano ulio karibu zaidi ni wa ukoma. Bakteria wa ugonjwa huu, ambaye Armauer Hansen wa Norway alimgundua mwaka 1873, hupenda kukaa ndani ya seli za Schwann. Kinga ya mwili humfuata humo, na vita hivyo huiharibu neva. Mwaka 2023, visa vipya zaidi ya 180,000 viliripotiwa duniani. Nchini Kenya, ambako kituo cha Alupe huko Busia kilijulikana kwa miaka mingi kwa utafiti na matibabu ya ukoma, visa vichache bado huonekana, hasa Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria.

Daktari anapokata kipande cha ngozi ya mshukiwa, mara nyingi huona rundo la seli za kinga tu, jambo linaloweza kusababishwa na magonjwa mengine pia. Akitia rangi ya S100, anaweza kuona mabaki ya neva yaliyosambaratika katikati ya rundo. Hiyo ni dalili nzito ya ukoma. Neva ikiwa nzima kando ya rundo, shaka hupungua. Lakini zile seli zenye matawi nazo zimo humo, zimevaa rangi ile ile, kwa hivyo ni lazima aangalie umbo: neva hufuatana kwa mstari, seli za kinga hutawanyika.

Kipimo hiki huhitaji kingamwili ghali zinazohifadhiwa kwenye jokofu, na hospitali nyingi za mashinani hazina. Huko mhudumu humgusa mgonjwa kwa uzi wa pamba kwenye baka ili kujua kama anahisi, kisha hupapasa neva ya nyuma ya kiwiko kuona kama imenenepa. Akithibitisha kuwa ni ukoma, dawa hutolewa bila malipo.