Wanawake wa Chagos Wasikilizwe

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Lakini wenyeji wa Visiwa vya Chagos, katika Bahari ya Hindi yetu hii hii, hawakuiacha asili yao. Waliondolewa kwa nguvu. Mwaka 1965 Uingereza ilivitenga visiwa hivyo na Mauritius kabla ya kuipa uhuru. Kati ya mwaka 1968 na 1973 wenyeji wote walihamishwa ili Marekani ipate kambi ya kijeshi huko Diego Garcia. Wakashushwa Mauritius na Shelisheli, wakaishia katika ufukara.

Yafaa ikumbukwe kwamba waliotangulia kudai haki walikuwa wanawake. Akina mama Charlesia Alexis, Lisette Talate na Rita Bancoult waliongoza maandamano na migomo ya kutokula mjini Port Louis. Juhudi hizo zilichangia kupatikana kwa fidia ya paundi milioni 4 mwaka 1982. Lakini fidia si makazi. Bi. Talate na Bi. Alexis walifariki mwaka 2012 bila kurudi kuishi kwao. Mwaka 2018 Bi. Liseby Elysé aliieleza Mahakama ya Kimataifa ya Haki jinsi alivyosafirishwa melini akiwa mja mzito, kisha akampoteza mtoto wake.

Mkataba uliotiwa saini tarehe 22 Mei 2025 baina ya Uingereza na Mauritius uliitambua Mauritius kuwa yenye mamlaka juu ya visiwa hivyo, na kuiruhusu irejeshe watu, isipokuwa Diego Garcia, iliyobakizwa kwa ajili ya kambi kwa miaka 99. Bi. Bernadette Dugasse na Bi. Bertrice Pompe, wazaliwa wa Diego Garcia, waliupinga mahakamani mjini London wakidai hawakushauriwa. Zuio la muda walilolipata usiku liliondolewa mchana, na saini ikatiwa. Wapo wenzao walioukaribisha mkataba huo.

Kwa kuwa wenyewe wana maoni mbalimbali, hapana budi waulizwe: nani ataka kurudi, na kisiwa kipi? Sisi wana visiwa twajua kuwa ruhusa ya kurudi bila meli, maji, zahanati na shule ni maneno matupu. Wakuu wa serikali zihusikazo wakae na akina mama hao kwanza, kisha wapange bajeti. Waliopakiwa melini wakiwa wasichana, leo ni mabibi.