Kopa Nne na Meza Imejaa? Cheki A Iko Wapi Kwanza

Wasee wa poka, cheki hii. Uko na kopa mbili mkononi, mbili zingine ziko mezani, karata mbili bado hazijafunguliwa na mko wanne. Kopa 9 zimebaki kwa karata 47 hujaona, so flashi inakam kama 35%.

Ukiwa na A ya kopa, ongeza dau. Wote wakifuata, umeweka robo tu ya hiyo doo mpya, na flashi inakam zaidi ya mara moja kwa tatu. Kuwatisha watoke? Zii, wacha wabaki.

Lakini 7 na 6? Hapo tulia, lipa tu ikiwa bei ni rahisi. Mimi niliipata flashi, nikaweka zote, jamaa akafungua Q ya kopa. Fea ya wiki ikaenda.