Wajibu wa kumjulisha polisi kuhusu bastola (Marekani)

Wajibu wa kumjulisha polisi ni kanuni ya sheria katika baadhi ya majimbo ya Marekani. Inamtaka mtu aliyebeba bastola iliyofichwa amwambie askari kwamba ana silaha anaposimamishwa, hasa akiwa ndani ya gari. Lengo lake ni kumwondolea askari mashaka na kumlinda raia. Hata hivyo, namna inavyotekelezwa hutofautiana sana kati ya jimbo na jimbo.

== Leseni ya kubeba bastola ==

Hakuna leseni moja ya kubeba bastola inayotolewa na serikali kuu kwa raia wote wa Marekani. Kila jimbo hutunga sheria zake, na leseni ya jimbo moja si lazima ikubaliwe katika jimbo jingine. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen iliyotoka New York, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba katiba inalinda haki ya kubeba bastola nje ya nyumba kwa ajili ya kujilinda. Leo zaidi ya nusu ya majimbo huruhusu watu wazima wengi kubeba bastola bila leseni.

== Tofauti za majimbo ==

Kuhusu kumjulisha askari, majimbo yanaweza kugawanywa katika makundi mawili makubwa:

* Majimbo ambako mwenye bastola anatakiwa kusema mwenyewe bila kuulizwa. Miongoni mwake ni Michigan, North Carolina na Alaska.
* Majimbo ambako anatakiwa kujibu au kuonyesha leseni pale tu askari anapodai. Minnesota imo katika kundi hili. Ohio ilihamia humo mwaka 2022. Kabla ya hapo dereva alitakiwa kusema mara moja.

Texas ina utaratibu wake: askari akidai kitambulisho, mwenye leseni ya bastola aliyebeba silaha huonyesha vyote viwili kwa pamoja. Kwa hiyo dereva anayevuka mpaka wa jimbo anaweza kuwa na wajibu mpya bila yeye kujua.

== Mamlaka ya askari ==

Mwaka 1968, katika kesi ya Terry dhidi ya Ohio, Mahakama Kuu iliruhusu askari kumpapasa mtu nje ya nguo akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba ana silaha na ni hatari.

Kesi ya Pennsylvania dhidi ya Mimms ya mwaka 1977 ilianza na gari lililosimamishwa kwa sababu muda wa namba zake za usajili ulikuwa umekwisha. Dereva aliposhuka, askari waliona uvimbe chini ya koti lake, wakakuta bastola yenye risasi. Mahakama iliamua kwamba askari anaweza kumwamuru dereva ashuke katika gari lililosimamishwa kihalali.

Swali lililobaki ni hili: je, mtu mwenye silaha kwa kibali cha sheria ahesabiwe kuwa hatari? Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa nne, katika kesi ya Robinson, ilijibu kwamba askari anaweza kumpapasa mtu aliyesimamishwa kihalali akimshuku kuwa na silaha, hata kama huenda anayo kihalali. Majaji wachache walipinga, wakisema kuwa na silaha peke yake si uhatari.

== Kifo cha Philando Castile ==

Tarehe 6 Julai 2016 Philando Castile, mfanyakazi wa jikoni la shule mwenye umri wa miaka 32, alisimamishwa na polisi huko Falcon Heights, Minnesota. Alikuwa na kibali cha bastola. Alimweleza askari Jeronimo Yanez kwamba ana silaha, ingawa sheria ya Minnesota haikumtaka aseme kabla ya kuulizwa. Askari alimwambia asiitoe, naye akajibu kwamba haitoi. Mara askari akafyatua risasi saba. Ndani ya gari walikuwamo pia mpenzi wake na mtoto wa miaka 4.

Yanez alidai aliogopa kwamba Castile anachukua bastola. Mpenzi wa Castile alisema alikuwa anatafuta kitambulisho. Mwezi Juni 2017 baraza la wazee wa mahakama lilimkuta Yanez hana hatia. Mama wa Castile alilipwa fidia ya karibu dola milioni 3.

== Mwenendo unaoshauriwa ==

Wakufunzi wa silaha hushauri dereva azime injini, awashe taa ya ndani ikiwa ni usiku na aweke mikono juu ya usukani. Anaposema kwamba ana bastola, aeleze pia iko wapi, kisha asubiri maelekezo kabla ya kugusa pochi au droo ya dashibodi. Kwa hiyo ni vema bastola na hati za gari visiwekwe mahali pamoja.

Kisa cha Castile kinaonyesha mpaka wa ushauri huo. Sheria inaweza kumlazimisha raia aseme, lakini usalama wake hutegemea pia jinsi askari anavyoyapokea maneno hayo.